Kilima cha Old Kampala na Kazi ya Mtunza Urithi



Leo naomba tupande kilima cha Old Kampala. Si safari ndefu. Ukitokea Old Taxi Park unashika Barabara ya Namirembe, Kisenyi unaiacha mkono wa kushoto, kisha unakata kulia na kuanza kupanda, huku makelele ya makondakta na wauza vipuri yakibaki nyuma yako. Wageni wengi wanaofika juu wanaufuata mnara wa Msikiti wa Taifa. Wanapanda vidato zaidi ya 300, wanatokea juu wakihema, na kiongozi wao anawaonyesha mji: kule Namirembe na kanisa lake, kule Rubaga, kule Mengo kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Kasubi, kule Kibuli. Mandhari ni ya kupendeza, na msikiti wenyewe ni mzuri. Ulianza enzi za Idi Amin, ukakwama miaka mingi, ukakamilika 2006 kwa msaada wa Libya.

Mimi leo sitaki tutazame mbali. Nataka tubaki na kilima chenyewe, hapa tulipokanyaga, kwa sababu nina kijana ninayetaka kuzungumza naye. Anamaliza shule. Anapenda mambo ya kale, au anapenda wanyama na misitu, na nyumbani wanamuuliza kama kutunza urithi ni kazi ya kumlisha mtu au ni mchezo wa wenye nafasi.

Kilima hiki kiliwahi kuwa na vitu vitatu. Kulikuwa na swala pala wa Kabaka, waliolishwa kwenye mteremko huu na kuuachia mji jina lake. Kisha ikaja ngome: Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa aliwasili Desemba 1890, akaijenga hapa juu. Na mwaka 1908, kwenye ngome hiyo hiyo, ndipo lilipoanzia jumba la kwanza la makumbusho la Uganda. Leo hakuna hata kimoja kilichobaki mahali pake. Swala wako Ziwa Mburo, magharibi ya nchi. Makumbusho yako Kitante, kwingineko Kampala. Ngome ya awali iliondolewa msikiti ulipojengwa, na kando yake umesimamishwa mfano wa ngome, mpya, wa kuonyesha wageni.

Nimezipima sana hatima hizo tatu, na kila nikizipima naona swali lile lile ndilo lililoamua: je, palikuwa na mtu ambaye kazi yake, kwa sheria na kwa mshahara, ilikuwa kukitunza kitu hicho?

Tuanze na ngome, maana ndiyo inayouma. Najua wako watakaosema, ngome ya mkoloni ya nini? Ikae isikae, inatupunguzia nini? Nawaelewa. Tarehe 24 Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipopigana pale Mengo, ni kutoka kilima hiki ambapo Lugard alitumia bunduki yake ya Maxim dhidi ya upande wa Wakatoliki. Ndugu waliuana kwa sababu ya dini zilizokuja juzi, na mgeni akaamua nani ashinde. Siasa za nchi hii zimeibeba siku ile kwa vizazi. Basi mahali kama hapo pana haki ya kubaki pakionekana. Mtoto wa shule angesimama pale, akaitazama Mengo jinsi ilivyo karibu, akaelewa kwa macho yake jambo ambalo kitabu humweleza kwa kurasa kumi. Hakuna aliyehitaji kuchagua kati ya msikiti na historia. Kilima kina nafasi. Palihitajika mtu mmoja wa fani hii kwenye kikao cha ramani, mwenye uwezo wa kusema: jengeni, lakini kuta hizi tuzipime kwanza, tuchimbe kwanza, na msingi huu tuuache ndani ya uwanja ili watu wauone. Sheria ya kulinda mambo ya kale ilikuwapo tangu 1967. Sheria peke yake haihudhurii kikao.

Makumbusho yalikuwa na bahati nyingine. Mwaka 1907 George Wilson, ofisa wa ngazi ya juu wa serikali ya Waingereza, aliagiza vitu vya wenyeji vikusanywe kutoka kila pembe ya nchi, na mwaka uliofuata vikawekwa hapa Old Kampala. Watu wa mjini wakaliita jengo lile Ennyumba ya Mayembe, nyumba ya vitu vya nguvu, kwa kuwa mle ndani mlijaa pembe, hirizi na vifaa vya ibada. Hofu yao ilikuwa na msingi. Vitu vile havikuzaliwa viwe maonyesho. Viliwahi kuapiwa, kuombewa, kulishwa, na si vyote vilivyotolewa kwa hiari. Mtu anayeingia kazi hii akidhani anatunza vibuyu na mikuki tu, hajaijua bado.

Kutoka kilimani vitu vilihamia Makerere, chini ya Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa, na mwaka 1954 vikapata jengo lake Kitante, lililochorwa na Ernst May, msanifu Mjerumani aliyekuwa amekimbilia Afrika Mashariki. Msimamizi wa wakati ule alikuwa Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, aliyezunguka Uganda na mashine yake akirekodi ngoma, zeze, filimbi na nyimbo. Ngoma isiyopigwa ni gogo, na hadi leo wageni wa Kitante husikia ala zikichezwa ndani ya jumba. Pembeni yake alikuwapo Mganda mmoja ambaye jina lake natamani lingejulikana zaidi mashuleni: Charles Sekintu. Mwaka 1956 wawili hao walitoa pamoja kijitabu kuhusu michoro ya kuta za nyumba za Wahima, michoro ambayo wanawake waliichora kwa mikono yao na ambayo mvua na kuhama vingeifuta. Sekintu baadaye akawa msimamizi mwenyewe. Na zile rekodi za Wachsmann? Nakala zake zimerudi nyumbani, ziko Makerere, katika hazina ya muziki yenye jina lake iliyoanzishwa kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza. Mtu alirekodi, mwingine akatunza, wa tatu akadai nakala. Ukimtoa mmoja kati yao, sauti zile zinapotea.

Kijana, hebu nikuingize chumba cha nyuma, mahali ambapo mgeni haingii. Juni 2024, vitu 39 vilirudi Kitante kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge: vyombo vya udongo, vifaa vya utawala na ibada, hata kofia iliyotengenezwa kwa nywele za binadamu. Vilichaguliwa na ujumbe wa Uganda uliokwenda Cambridge wenyewe, ukavipitia kati ya vitu takriban 1,500 vya nchi hii vilivyoko huko. Sasa fikiria umekabidhiwa chungu kimoja baada ya safari kama hiyo. Sanduku hulifungui siku hiyo. Unaliacha chumbani, lizoee joto na unyevu wa Kampala, kwa sababu udongo na mti vilivyokaa zaidi ya miaka mia katika hewa ya Uingereza hupasuka ukivishtua. Ukilifungua, unanawa, unavua pete na saa. Hushiki mdomo wala mkono wa chungu. Unaweka kiganja chini yake na kingine ubavuni. Unakipiga picha pande zote. Unaandika kila ufa, kila doa, kila alama ya moshi, na doa la moshi hulisugui, maana hilo ndilo linalokuambia chungu kilipikiwa nini na kilikaa vipi mekoni. Namba yake unaiandika chini, herufi ndogo mno, juu ya vanishi nyembamba inayoweza kuondolewa siku yoyote bila kuacha kovu. Nguo ya gome la mti wa mutuba huikunji, unaiviringisha kwenye bomba pana, maana kila mkunjo ni mahali ambapo gome litakatika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika chumba hicho utaona jinsi walivyosema kweli: kitu kisicho na namba kinaibiwa na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kiliwahi kuwapo.

Vitu vile 39 vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu, unaoweza kuongezwa. Wasikilizaji wengi jambo hili limewauma, na mimi pia limeniuma: kukopeshwa cha kwako. Mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, mabaki ya Kibuuka (aliyeheshimiwa Buganda kama mungu wa vita), ambayo mmishonari John Roscoe aliyapeleka Cambridge, yalirudi moja kwa moja. Basi inawezekana. Lakini njia ya kutoka kwenye mkopo hadi kwenye umiliki hupita kwenye mikataba, kwenye kumbukumbu za nani alichukua nini kutoka kwa nani na kwa mazingira gani, kwenye vikao na wazee wa jamii husika. Hasira zetu ni halali na tuendelee kuzitoa. Kazi ya kuzigeuza ziwe madai yanayosimama mbele ya chuo kikuu cha kigeni inahitaji mtu aliyesomea, anayelipwa, na ambaye hatahamishiwa idara nyingine katikati ya mazungumzo.

Jumba la Kitante lenyewe liliponea chupuchupu. Mwaka 2011 palikuwa na mpango wa serikali wa kusimamisha hapo jengo la biashara la ghorofa 60. Wanaharakati wa urithi na wataalamu waliinuka, wakaenda mahakamani, wakaandika, wakapiga kelele. Jumba la 1954 lipo hadi leo. Ngome haikupata watetezi wa namna hiyo. Mnaiona tofauti yake?

Sasa tuelekee Kasubi, kilima kinachoonekana kutoka mnarani. Usiku wa 16 Machi 2010 nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua. Humo wamelala wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Ilikuwa imeingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mwaka ule ule wa moto ikawekwa kwenye orodha ya hatari, na haikutolewa humo hadi Septemba 2023. Miaka 13. Watu waliuliza, mbona nyumba ya nyasi ichukue muda wote huo? Swali hilo linastahili jibu la kina.

Paa la Kasubi si la kila fundi. Kuezeka ni wajibu wa ukoo wa Ngeye. Ndani, dari hushikwa na mizunguko 52 iliyosukwa, kila mmoja ukiwakilisha ukoo mmoja wa Buganda. Nyasi hukatwa, hukaushwa, huchambuliwa bua kwa bua, hufungwa mafungu. Na siri ya ufundi wenyewe ni hii: ni safu ya kwanza tu ya mafungu inayofungwa kwenye mbao za paa. Zinazofuata huwekwa juu yake, zikashikana kwa uzito na kwa jinsi zilivyopangwa. Ndiyo maana fundi anaweza kuchomoa fungu lililooza na kuingiza jipya bila kubomoa paa. Paa kama hilo halina siku ya kukamilika. Linatunzwa kila msimu, na kila msimu vijana hujifunza kwa kushika. Ukikatiza msimu, ukakatiza mingine, wazee wakafa, huna paa tena hata kama picha zake unazo elfu moja. Kwa hiyo kazi kubwa baada ya moto ilikuwa kuwapata vijana wakae na wajuzi waliobaki mpaka mikono yao ielewe. Pamoja na hilo likaja jambo la kisasa kabisa, mfumo wa kuzima moto uliowekwa kwa msaada wa Japani. Mhandisi wa mabomba na mwezekaji wa ukoo wa Ngeye walilazimika kuelewana: bomba lipite wapi bila kutoboa mahali patakatifu, maji yafike wapi. Mimi ninaona huo ndio uso halisi wa fani hii katika Afrika. Wengine huingia kwa shahada, wengine kwa kuzaliwa katika ukoo, na mshahara na heshima viwafikie wote.

Swala pala, nao, hawajaisha. Ukitaka kuwaona, nenda Ziwa Mburo, hifadhi ya taifa tangu 1983. Wamekuwapo kwa sababu kuna walinzi wanaolala porini, kuna wanaohesabu, kuna wanaokaa na wafugaji wa kando ya hifadhi kuzungumzia maji na malisho. Na kuna madaktari. Dakta Gladys Kalema-Zikusoka alikuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika mamlaka ya hifadhi ya nchi hii, mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Huko Bwindi alikuta sokwe wa milimani wakipukutika manyoya na kuwashwa. Ulikuwa upele wa binadamu. Ilidhaniwa umetoka kwenye nguo kuukuu za wanakijiji zilizovalishwa vinyago vya kutishia wanyama mashambani, ambazo sokwe walizishika. Angeweza kuwatibu sokwe na kurudi Kampala. Yeye aliona kwamba huwezi kumtibu sokwe ukamwacha jirani yake bila sabuni na zahanati, na mwaka 2003 akaanzisha shirika linaloshughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja. Hesabu ya sokwe wa Bwindi na msitu wa Sarambwe ng'ambo ya mpaka, iliyofanyika 2018, ilipata 459.

Kuhusu masomo nitakwenda haraka. Makerere wanafundisha akiolojia na urithi. Katwe, Kasese, kipo chuo cha wanyamapori. Tanzania kuna Mweka, chini ya Kilimanjaro, tangu 1963, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Mombasa, karibu na Fort Jesus, kipo kituo cha kuendeleza urithi wa Afrika ambacho kimefunza wahifadhi wa nchi nyingi. Usidhani mwisho wa ngazi uko karibu: mwaka 2018 Mzimbabwe, Webber Ndoro, alichukua uongozi wa ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lililoko Roma. Lakini sitakudanganya. Nafasi ni chache, mshahara wa kuanzia ni mdogo, na utakutana na wakubwa wanaoona kazi yako kama kikwazo cha maendeleo. Mzazi unayenisikiliza, hofu yako ina haki. Ila na wewe nikuulize, hizi hoteli, hizi safari za watalii, viongozi wa pale mnarani, wanauza nini, kama si kile ambacho mtu fulani alikitunza?

Nirudi Old Kampala ya leo, iliyo hai. Mteremko huu una nyumba za zamani za Wahindi: duka chini, familia juu, varanda mbele. Mwaka 1972 Amin aliwapa siku 90 waondoke, na nyumba zikabaki na vitasa vyao, na madirisha yao, na watu wengine ndani. Kuna gurdwara, hekalu la Masingasinga. Kuna Wakongo waliokuja kuomba hifadhi, na Kiswahili chao unakisikia ukipita tu; kuna Wasomali wa Kisenyi, bondeni. Urithi wa mtaa huu unaandikwa sasa hivi, na nyumba moja moja zinaanguka, mahali pake panapanda majengo ya vioo. Si kila nyumba kuukuu inastahili kubaki, na watu wana haki ya kujenga. Ninachotaka ni kidogo. Kabla muhuri wa kibali cha kubomoa haujagongwa, awepo mhifadhi mmoja kwenye meza hiyo ya jiji, mwenye kamera, futi ya kupimia na majuma mawili. Aipime nyumba, aichore, aipige picha, azungumze na wapangaji na mwenye nyumba, aandike waliopita humo, kisha aseme ndiyo, au aseme hii tusiiguse, na neno lake liwe na nguvu ya kisheria. Bunge limekwisha kuweka sheria mpya ya makumbusho na mambo ya kale mahali pa ile ya 1967. Mtu wa kuipeleka Old Kampala ndiye tunayemsubiri.

Nafasi hiyo ikitangazwa, nitaisoma hapa hewani, tarehe ya mwisho na vyeti vinavyotakiwa.